Saikolojia ya sanaa au ya sayansi: Swali la njia panda ya Usagara

Na Mwandishi Wetu, Mwanza

KILA mwaka, matokeo ya kidato cha sita yanapotangazwa, mjadala wa aina moja huzuka katika nyumba nyingi za jiji la Mwanza na viunga vyake, kuanzia Nyegezi na Buhongwa hadi Usagara. Mzazi anataka mtoto asome sayansi, kwa hoja kwamba sayansi ndiyo yenye ajira. Mtoto anataka kusoma kile anachokipenda. Miongoni mwa fani zinazotajwa sasa katika mijadala hiyo imo saikolojia, na hapo ugumu huongezeka, kwa sababu fani hii haikubali kuwekwa upande mmoja wa uzio.

Vipo vyuo vinavyoitoa kama shahada ya sanaa. Vipo vinavyoitoa kama shahada ya sayansi. Vipo pia vinavyoiweka chini ya ualimu. Kijana huulizwa achague, na mara nyingi huchagua kwa kusikiliza jina la shahada tu, bila kujua nini kimo ndani yake.

Anayelifahamu eneo la Usagara, wilayani Misungwi, anajua kwamba hapo ndipo barabara itokayo Mwanza hugawanyika. Moja huelekea Shinyanga. Nyingine huelekea Kigongo, ambako tangu Juni 2025 magari huvuka kwa Daraja la J. P. Magufuli kwenda Sengerema na Geita. Hakuna dereva anayesimama hapo akauliza barabara ipi ni bora. Huuliza abiria anakwenda wapi. Swali la shahada ya saikolojia nalo linapaswa kuulizwa hivyo. Tena, kwa atakayefanya kazi kando ya Ziwa Victoria, safari haitakamilika iwapo atachukua nusu moja ya elimu hii na kuidharau nusu ya pili.

Jina la cheti halisemi yote

Mgogoro huu si wa kwetu peke yetu, wala si wa leo. Mjerumani Wilhelm Wundt, ambaye mwaka 1879 alianzisha maabara mashuhuri ya saikolojia katika Chuo Kikuu cha Leipzig, alisomea udaktari lakini akawa profesa wa falsafa. Alipima kwa vyombo muda ambao binadamu hutumia kuitikia sauti au mwanga. Hata hivyo, mtu huyo huyo aliandika pia majuzuu 10 juu ya lugha, visasili na mila za mataifa, kwa kuwa aliamini kwamba mambo hayo hayapimiki maabara. Kwa hiyo, tangu mwanzo, fani hii imekuwa na mguu mmoja katika kila upande.

Nchini Uingereza, Chuo Kikuu cha Oxford hutoa shahada ya saikolojia ya majaribio, fani iliyojaa maabara na takwimu, lakini cheti chake husomeka shahada ya sanaa. Cambridge nako wahitimu wa saikolojia hupata shahada ya sanaa. Chama cha Wanasaikolojia cha Uingereza, kinapoidhinisha shahada kuwa msingi wa kuingia katika taaluma, hutazama maudhui ya kozi, si iwapo inaitwa ya sanaa au ya sayansi.

Hapa Afrika Mashariki hali ni ya mchanganyiko zaidi. Chuo Kikuu cha Moi, mjini Eldoret, hutoa shahada ya sayansi ya saikolojia ya tiba ndani ya shule yake ya udaktari. Makerere, ng'ambo ya ziwa letu, Shule ya Saikolojia imo ndani ya Chuo cha Sanaa na Sayansi ya Jamii, lakini shahada yake ya uzamili katika saikolojia ya kliniki huitwa shahada ya sayansi. Katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, saikolojia imefundishwa kwa muda mrefu chini ya Shule ya Elimu, na mhitimu huweza kupata shahada ya elimu katika saikolojia, ambayo si ya sanaa wala ya sayansi. Anayetaka kufanya kazi na wagonjwa hukutana baadaye na shahada ya uzamili ya sayansi katika saikolojia ya kliniki, inayotolewa na Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili.

Ni dhahiri basi kwamba Mtanzania anaweza kuianza safari hii katika darasa la walimu na kuimalizia katika wodi ya hospitali. Anayetazama jina la cheti cha kwanza peke yake hajaiona safari nzima.

Somo la MEMA kwa Vijana

Kwa nini nusu zote mbili zinahitajika? Jibu lipo hapa hapa Mwanza, na halihitaji kutafutwa katika vitabu vya Ulaya.

Mwishoni mwa miaka ya 1990, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu kupitia kituo chake cha Mwanza, pamoja na shirika la AMREF, Shule ya Usafi na Tiba ya Kitropiki ya London na Serikali, walianzisha mradi wa MEMA kwa Vijana katika vijiji vya mkoa huu. Jamii 20 zilihusishwa. Kwa kura, 10 kati yake zilipata mpango maalumu: masomo ya afya ya uzazi kwa wanafunzi wa darasa la tano hadi la saba, watumishi wa zahanati waliofunzwa kuwapokea vijana vizuri, usambazaji wa kondomu na shughuli za kuhamasisha jamii. Zile 10 nyingine zilikuwa za kulinganishia.

Baada ya miaka mitatu vijana walihojiwa. Majibu yalitia moyo: waliopata masomo walikuwa na maarifa zaidi, na mitazamo waliyoieleza ilikuwa bora kuliko ya wenzao. Lakini watafiti hawakuishia kwenye majibu ya mdomo. Walipima pia damu, na vipimo havikuonyesha tofauti ya kuaminika katika maambukizi ya Virusi vya Ukimwi wala ya virusi vya malengelenge ya sehemu za siri. Tathmini ya muda mrefu, iliyochapishwa mwaka 2010, ilitoa picha hiyo hiyo: maarifa yalidumu, maambukizi hayakupungua.

Hapo ndipo thamani ya sayansi inapoonekana. Bila jamii za kulinganishia, bila takwimu na bila maabara, mradi ule ungetangazwa kuwa umefaulu na fedha zaidi zingemwagwa katika njia isiyotosha.

Hata hivyo, vipimo vya damu havikuweza kueleza kwa nini. Kazi hiyo ilifanywa na watafiti waliokwenda kuishi katika kaya za vijijini kwa majuma kadhaa, wakishiriki maisha ya kila siku, wakisikiliza vijana wanazungumza nini wanapokuwa wenyewe. Mwaka 2004 ulichapishwa ulinganisho wa njia tano za kukusanya taarifa za mahusiano ya vijana hao. Njia hizo mara nyingi zilipingana, na maisha yaliyoonekana kijijini yalitofautiana na yaliyoandikwa kwenye madodoso. Ilibainika pia kuwa zawadi na fedha zina nafasi kubwa katika mahusiano hayo, jambo ambalo somo la darasani peke yake haliwezi kuliondoa.

Kusikiliza, kuijua lugha, kutambua aibu na heshima za watu na kusoma kisichosemwa ni stadi za upande wa sanaa. Mradi mmoja, katika mkoa mmoja, ulihitaji yote mawili. Aliyefunzwa upande mmoja tu angeondoka na nusu ya ukweli.

Kichocho na akili ya mtoto

Mfano wa pili unahusu watoto wetu wa shule. Mwaka 2002 ulichapishwa utafiti kuhusu wanafunzi wa Tanzania walioambukizwa kichocho. Wale wenye maambukizi makubwa walionekana kuwa na kumbukumbu ya muda mfupi iliyo dhaifu zaidi, na waliitikia kwa kuchelewa zaidi kuliko wenzao katika majaribio. Utafiti huo haukufanyika kando ya Ziwa Victoria, lakini swali lake ni la hapa, kwa kuwa kichocho ni ugonjwa wa kawaida katika mialo na vijiji vya ufukweni ambako watoto huoga na kuchota maji.

Mwalimu anayemwona mtoto mzito wa kuelewa huweza kusema ni mvivu. Mwanasaikolojia ambaye hajasoma chochote kuhusu mwili wa binadamu naye huweza kutafuta sababu katika malezi peke yake, wakati sababu imo katika damu na maji.

Lakini kinyume chake pia ni kweli. Mwaka 2001, Robert Sternberg na wenzake walichapisha matokeo ya utafiti uliofanyika kwa watoto 85 wa kijijini magharibi mwa Kenya. Waliwapima watoto hao kwa mitihani inayofanana na ya shule, kisha wakawapima ujuzi wao wa dawa za miti ambazo jamii yao huzitumia kutibu maradhi. Watoto waliozijua dawa vizuri zaidi walielekea kupata alama za chini katika mitihani ya msamiati. Anayetazama alama za shule tu angewahesabu kuwa hawana akili, ilhali akili yao ilikuwa imeelekezwa kwingine. Kipimo kilikuwa cha sayansi, lakini wazo la kupima kitu hicho lilitokana na kuijua jamii.

Lugha ya mgonjwa

Kando ya ziwa hili watu wamebeba mizigo mikubwa. Mei 21, 1996 meli ya MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza, na zaidi ya watu 800 wakafariki dunia. Makaburi ya wengi wao yapo Igoma. Septemba 20, 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara, kikaua zaidi ya watu 220. Miaka ya 2000 mikoa ya Kanda ya Ziwa ilitikiswa na mauaji ya vikongwe walioshukiwa uchawi, wengine kwa sababu tu ya macho mekundu yaliyoharibiwa na moshi wa jikoni, na mauaji ya watu wenye ualbino. Walionusurika na waliofiwa bado wanaishi nasi.

Watu hao wanapofika kwa mtaalamu hawasemi kwamba wana sonona, ingawa neno hilo limo katika vitabu vya afya. Husema wana mawazo mengi, usingizi hauji, mwili ni mzito, au kuna mtu amewafanyia jambo. Mtaalamu asiyeielewa lugha hiyo hatapata hata pa kuanzia. Na mtaalamu anayeielewa, lakini hajui kutofautisha huzuni ya msiba na ugonjwa unaohitaji dawa, anaweza kumchelewesha mgonjwa kwa maneno mazuri.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019 mtu mmoja kati ya kila wanane duniani alikuwa akiishi na tatizo la afya ya akili. Kwa hiyo hatuzungumzii fani ya anasa. Tunazungumzia watu watakaokaa mbele ya binadamu aliyevunjika na kutakiwa wasimuumize zaidi.

Hoja ya ajira

Mzazi atasema haya yote ni mazuri, lakini mtoto atakula nini? Ni swali la haki na lisibezwe.

Ni kweli kwamba jina la shahada lina uzito wake. Matangazo ya kazi huorodhesha shahada zinazokubalika, na karani anayechambua maombi husoma maneno yaliyoandikwa, hapekui mtaala wa mwombaji. Ni kweli pia kwamba katika mikopo ya elimu ya juu, kozi za afya, ualimu wa sayansi na uhandisi zimekuwa zikipewa kipaumbele. Anayesema jina la shahada si kitu kabisa anamdanganya kijana.

Lakini kuna udanganyifu mkubwa zaidi, nao ni kudhani kwamba neno sayansi kwenye cheti humfanya mhitimu kuwa mtaalamu wa tiba. Shahada ya kwanza ya saikolojia, iwe ya sanaa, ya sayansi au ya elimu, ni msingi tu. Kutibu watu kunadai masomo zaidi na mazoezi chini ya msimamizi. Kenya ilitunga sheria ya wanasihi na wanasaikolojia mwaka 2014, ikiweka utaratibu wa kuwasajili wanaofanya kazi hiyo. Mtanzania anayefikiria kuvuka mpaka kutafuta kazi ajue kwamba huko ataulizwa alifunzwa nini, siyo tu anapenda kusaidia watu.

Wapo pia wanaoukimbilia upande wa sanaa kwa sababu wanaiogopa hisabati. Hao nao wanajidanganya. Kozi ya saikolojia iliyo makini, popote ilipo, ina takwimu. Hisabati aliyoiacha kidato cha nne itamsubiri mwanafunzi chuoni ikiwa na jina jingine.

Maswali manne kabla ya kujaza fomu

Kwa mantiki hiyo, kijana na mzazi wake wanapokaa mezani, waulize mambo manne.

Kwanza, anakwenda wapi? Anayetaka kufanya kazi hospitalini au katika utafiti wa ubongo atafute kozi yenye biolojia ya kutosha, na ajue kuwa udaktari au uuguzi nao ni milango ya kuingilia afya ya akili. Anayetaka kufanya kazi shuleni, katika ustawi wa jamii au katika idara za utumishi anaweza kufika vizuri kwa shahada ya elimu au ya sanaa.

Pili, nini kimo ndani ya kozi? Aombe mtaala na kuusoma. Atafute takwimu, mbinu za utafiti, fiziolojia ya ubongo, makuzi ya mtoto, upimaji na mafunzo kwa vitendo. Kozi ya sanaa yenye haya yote ni bora kuliko kozi ya sayansi isiyokuwa nayo.

Tatu, shahada ya uzamili anayoitamani inadai nini? Masharti hayo husomwa kabla ya kuanza mwaka wa kwanza, si baada ya mahafali. Kugundua baada ya miaka mitatu ya ada kwamba mlango umefungwa ni hasara isiyofidiwa.

Nne, je, kozi inatambuliwa na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, na familia itaigharimiaje? Mwongozo wa udahili wa tume hiyo hueleza sifa za kila programu. Usomwe wenyewe, si kwa kusimuliwa na jirani.

Tena, uchaguzi huu huanza mapema kuliko wengi wanavyodhani. Machi 2024 Serikali ilitangaza tahasusi mpya 49 za kidato cha tano, idadi ikafikia 65 kutoka 16. Kijana wa kidato cha nne ana njia nyingi zaidi kuliko kaka zake walivyokuwa nazo, na kwa hiyo ana njia nyingi zaidi za kupotea asipopata ushauri.

Malimbe na Bugando

Lawama isiwe ya wanafunzi peke yao. Wanaulizwa kuchagua nusu kwa sababu vyuo vimejengwa kwa nusu.

Mwanza ina bahati ambayo miji mingi haina. Malimbe kipo Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino, kilichozaliwa mwaka 1998 kutokana na taasisi ya mafunzo ya jamii ya Nyegezi, na kinachojulikana kwa masomo ya jamii, habari na ualimu. Bugando kipo chuo kikuu cha afya, jirani na hospitali ya rufaa inayohudumia Kanda ya Ziwa. Vyote viwili ni vya Kanisa Katoliki. Tena, kile cha Bugando kilianza mwaka 2003 kama chuo kishiriki cha kile cha Malimbe. Jirani na Bugando kuna kituo cha utafiti wa magonjwa ya binadamu, ambacho kimeshiriki tafiti kubwa za tabia na afya, ukiwamo wa MEMA kwa Vijana.

Hakuna sababu ya msingi inayozuia mwanafunzi wa saikolojia katika jiji hili kusoma lugha, jamii na malezi Malimbe, kusoma ubongo na kukutana na wagonjwa Bugando, na kujifunza takwimu kwa watu wanaozitumia kila siku. Umbali uliopo ni wa daladala moja au mbili. Kinachotakiwa ni viongozi wa vyuo kukaa pamoja na kukubaliana, na Tume ya Vyuo Vikuu kuwapa njia.

Hadi siku hiyo itakapofika, kijana wa Usagara hana budi kujijengea daraja lake mwenyewe. Akichukua shahada ya sanaa, ahakikishe hatoki chuoni bila takwimu na bila kujua ubongo unavyofanya kazi. Akichukua ya sayansi, ajifunze kusikiliza, kuandika na kuwaelewa watu wa mahali atakapofanya kazi. Mama wa Ukara aliyepoteza watoto ziwani hatamuuliza mtaalamu aliye mbele yake cheti chake kiliandikwa sanaa au sayansi. Atataka tu kujua kama anaeleweka, na kama atasaidiwa.